Maimamu wetu, tuiteni na sisi kwenye swala ya Idd

Barua ya wazi kwa maimamu, makhatibu na kamati za misikiti



Masheikh wetu, naandika mapema, kabla Ramadhani haijaingia, kwa sababu ninachokiomba kinahitaji mimbari, na mimbari ya Ijumaa ya mwisho ya mfungo huwa imekwisha kujaa: zaka ya fitri, kuandama kwa mwezi, mwenendo wa vijana siku ya sikukuu. Nawaomba mwaka huu mtenge nafasi ya kuzungumzia jiko.

Mimi ni mhasibu katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, mke wa mtu, na mama wa mtoto wa miezi minane ambaye bado ananyonya. Nyumba yetu ya Temeke ndiko ukoo wa mume wangu unakokusanyika siku ya Idd, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao na wazazi wao wametangulia mbele ya haki. Wageni hao nawapenda. Idd isiyo na watoto wa mashemeji wanaokimbizana sebuleni, kila mmoja na hela yake ya sikukuu mkononi, mimi siioni kuwa Idd. Kwa hiyo siandiki kuomba wageni wapungue. Naomba na mimi nikaswali.

Nilipokuwa msichana nilikwenda uwanjani kila Idd pamoja na mama mdogo, tunaleta takbira na umati mzima mpaka jua linapanda. Tangu niolewe takbira hizo nazisikia kupitia dirisha la jikoni. Wenzangu tuliolingana umri wananiambia hali ni hiyo hiyo kwao. Mtakaposimama kutoa khutba Idd ijayo, ziangalieni safu za wanawake. Mtawaona mabinti, mtawaona bibi zetu. Wa katikati, wenye watoto wachanga, wengi hawatakuwepo, na ukiwatafuta saa hiyo utawakuta wanageuza vitumbua na kukaanga maini, kwa sababu walioko uwanjani watarudi na njaa.

Hadithi ya Ummu Atiyya mnaijua kuliko mimi. Imo katika Bukhari na Muslim: Mtume (S.A.W.) aliamuru wanawake watolewe kwenda kwenye swala ya Idd, wakiwemo wasichana waliokuwa wakikaa ndani, na hata walio katika hedhi, ambao wangekaa kando ya mahali pa kuswalia ili washuhudie kheri na dua ya Waislamu. Alipoulizwa habari za yule asiye na jilbabu, akaelekeza kwamba mwenzake amvishe. Yaani hata kukosa nguo hakukukubaliwa kuwa sababu ya kubaki nyumbani. Mimi nguo ninayo. Ninabaki kwa sababu ya sufuria, na sijapata kusikia khutba inayosema kama sufuria ni udhuru.

Kwa mwanamke aliyeajiriwa, shida inaanza na mwezi wenyewe. Mwezi ishirini na tisa wa mfungo hakuna ajuaye kama kesho ni Idd au ni kazi. Ninatoka ofisini jioni, nafuturisha, tunasubiri tangazo. Likija, wanaume wanatoka kwenda kunyoa na kununua viatu vya watoto, na mimi nimebakiwa na usiku mmoja wa kufanya yote: mchele haujachambuliwa, nyama haijanunuliwa au iko kwenye friji imeganda, mapazia yamo kwenye beseni. Lisipokuja, asubuhi naamka kwenda kazini kama kawaida, kisha usiku ule unarudi vilevile kesho yake. Serikali ya Tanzania imetupa siku 2 za mapumziko kwa Idd el Fitri na siku 1 kwa Idd el Hajj, na tunashukuru. Lakini mapumziko hayo yanaanza siku ya sikukuu yenyewe. Siku ya kujiandaa haimo.

Na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, sikukuu inahama na kuangukia popote. Idd el Fitri ya mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi. Wahasibu wanajua mwisho wa Machi ni nini: robo ya kwanza ya mwaka inafungwa, awamu ya kodi ya makadirio inalipwa, mishahara inatoka. Bosi ana haki ya kutaka hesabu zake. Ukoo nao una haki ya kutaka pilau. Katikati yupo mtoto, na yeye haki yake imeandikwa mahali pakubwa zaidi ya hapo pote pawili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba amepewa siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Akizichukua mtoto anapozaliwa, siku ya akika amekwisha kurudi kazini. Mbuzi anachinjwa, majirani wanaalikwa, na mama aliyejifungua wiki iliyopita ndiye anayeulizwa mchele uko wapi. Wenzetu wa Kenya wamempa baba wiki 2 tangu sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, na sijasikia kwamba kazi zao zimesimama kwa hilo. Siku 84 zikiisha, mtoto hajatimiza miezi 3. Shirika la Afya Duniani linashauri anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akila mpaka afike miaka 2 au zaidi. Miaka 2 hiyo ndiyo iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, na aya hiyo haikumweka baba nje ya nyumba: chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha ni juu yake. Masheikh, aya hii tunaisikia sana inaposomwa kwa ajili ya talaka na matunzo. Naomba isomwe pia kwa walio kwenye ndoa wakiwa salama, ili baba ajue kwamba kunyonyesha ni jambo ambalo naye ana sehemu yake.

Sheria hiyo hiyo inaniruhusu hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Kutoka mjini mpaka Temeke na kurudi, foleni inakula sehemu kubwa ya saa hizo, kwa hiyo nakamua maziwa alfajiri, nayaacha kwenye friji, na kuomba umeme usikatike. Ramadhani mama anayenyonyesha ameruhusiwa kula akihofia afya yake au ya mtoto, kisha alipe baadaye. Hakuna ruhusa ya namna hiyo iliyowahi kutolewa kwenye futari. Aliyefunga na asiyefunga, futari anaipika.

Nawaomba mnivumilie niingie jikoni, maana wengi wenu chakula mnakutana nacho kikiwa tayari kwenye sinia. Pilau la watu thelathini halianzi asubuhi ya Idd. Linaanza kwa kuchambua mchele, kumenya vitunguu saumu, kutwanga tangawizi, kuchemsha nyama mpaka ilainike na kuitunza supu yake. Kisha vitunguu maji, ambavyo ndivyo vinavyolipa pilau rangi. Vinakaangwa kwa mafuta mengi, mkono haubanduki kwenye mwiko, kwa sababu vikishafika kahawia iliyokolea haichukui muda vinaungua, na vikiungua uchungu wake unaingia kwenye kila punje ya mchele. Hapo ndipo panapohitaji akili yote. Unatia saumu na tangawizi, unatia binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, harufu inapanda mpaka kwa jirani, unatia nyama, supu, mchele. Maji yakikaribia kukauka unafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko, unaacha machache chini. Ni kazi nzuri. Nilifundishwa na mama yangu na nitamfundisha mwanangu, kwa kuwa ni wa kiume na sioni sababu ya kutomfundisha.

Sasa muwekeni hapo mtoto wa miezi minane. Anatambaa, na kila anachokishika anakipeleka mdomoni. Jiko la gesi halibebi sufuria la watu thelathini, kwa hiyo tunapikia mkaa uani, na jiko la mkaa liko chini, usawa wa uso wake. Nikimfunga mgongoni kwa kanga, joto na moshi vinamfikia. Nikimweka kwenye mkeka, ananifuata. Nikimlaza ndani, analia mpaka maziwa yanatoka yenyewe na nguo inalowa, na vitunguu navyo viko kwenye mafuta, haviwezi kuachwa. Muulizeni muuguzi yeyote wa wodi ya watoto habari za watoto walioungua kwa chai, uji na mafuta ya kupikia. Wengi hawakuwa na mama mzembe. Walikuwa na mama mmoja, na kazi zilikuwa nyingi kuliko mikono.

Wakati huo huo, nyumba ina wanaume wazima wanne wamekaa barazani na kanzu zao, wamerudi kuswali, wanaongea mambo ya heri na kusubiri chai. Ni watu wema. Mume wangu ni mtu mwema. Alipowahi kushika mwiko mbele ya ndugu zake, waliuliza kama mkewe ni mgonjwa, akauweka chini. Aibu ile ninyi mnaweza kuiondoa kwa dakika tano za khutba, na mimi siwezi kuiondoa kwa miaka kumi ya kusema chumbani. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia ninyi.

Tena mnajua kwa macho yenu kwamba wanaume wa pwani hii ni wapishi. Pilau la maulidi msikitini linapikwa na nani? Biriani la harusi, masufuria yamepangwa juu ya mawe, kuni zinawaka tangu usiku, nani anasimama na mwiko mrefu kama kasia? Futari ya wapita njia, mihogo, magimbi na uji wa pilipili manga, nani anaipika uani kwa msikiti? Ni vijana wenu wa kamati, na wanapika vizuri. Hakuna anayewauliza kama wake zao wanaumwa. Mwanamume huyohuyo akivuka kizingiti cha nyumba yake, ujuzi wote unabaki nje pamoja na viatu. Sitaki kuamini kwamba pilau ni ibada likipikwa msikitini na ni udhalili likipikwa nyumbani.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa swala hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo nayo imo katika Bukhari. Nimeisikia darsani kwa wanawake mara nyingi, na huko tunaipokea kwa furaha. Wanaohitaji kuisikia wamo ukumbi wa mbele.

Nataka pia niseme juu ya dada wa kazi, kwa sababu kila ninapolitaja jambo hili naambiwa, "Si una dada?" Ninaye. Ni binti wa Kiislamu, kwao Lindi, ana mama yake na wadogo zake, na Idd ni yake kama ilivyo yangu. Mkimsikia mtu anasema wanawake wa mjini wamepumzika kwa sababu wana wasichana wa kazi, muulizeni yule msichana alipata kuswali Idd lini mara ya mwisho. Mwaka huu nimeazimia aende kwao sikukuu, na nauli nitampa. Mzigo ambao kwangu ni mkubwa, siwezi kuutua kichwani kwa mtoto wa mwenzangu halafu nikasema nimepata nafuu.

Kuhusu wageni, dini yetu imemkirimu mgeni na pia imemwekea adabu. Ugeni ni siku tatu, na Mtume alikataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika uzito. Tunahubiriwa sana nusu ya kwanza. Hiyo ya pili isemwe nayo: mgeni anayekuja nyumba yenye mtoto mchanga aje na kitu kilichopikwa, aje na mikono yake, na sahani aliyolia asiiache mezani. Wifi zangu wawili wameajiriwa kama mimi, mmoja ni mwalimu, mwingine ni muuguzi anayeingia zamu hata siku ya Idd. Tukikubaliana mapema, mmoja akaja na kachumbari na maji ya ukwaju, mwingine na mkate wa kumimina, shemeji akachukua kazi ya kununua nyama na kuichemsha, pilau langu linakuwa kazi ya saa mbili badala ya usiku kucha. Makubaliano hayo wanawake tunaweza kuyafanya wenyewe. Kuwaingiza wanaume ndani yake ndiko kunakohitaji sauti yenu.

Na ile chai nzito ya asubuhi, ambayo ndiyo hasa inayotuzuia kwenda uwanjani, haina mizizi katika sunna. Anas (R.A.) amesimulia kwamba Mtume hakuwa akitoka kwenda kuswali Idd el Fitri mpaka ale tende, na alizila kwa idadi ya witri. Tende hazipikwi. Mkisema mimbarini kwamba familia zile tende, ziende uwanjani zote, baba amebeba mtoto, mama amebeba mkeka, kisha zikirudi nyumbani zipike pamoja na kula saa saba au saa nane, hakuna sheria ya dini itakayovunjika na hakuna mgeni atakayekufa njaa. Vitumbua vinaweza kununuliwa kwa mama wa mtaani siku moja kabla. Naye apate riziki ya sikukuu, na naye asubuhi afunge meza yake aje kuswali.

Kwa upande wa kamati, kuna mambo ambayo hayahitaji harambee. Sehemu ya wanawake uwanjani iwe na kivuli, maana mtoto mchanga hawezi kukaa juani kungoja safu zipangwe. Iwe na spika inayosikika. Mara nyingi tunaambulia takbira na baada ya hapo hatusikii neno. Iwe na maji, na pembe iliyozungushiwa mapazia ambapo mama anaweza kunyonyesha na kubadilisha nepi bila kuangaliwa. Saa ya swala itangazwe pamoja na mwezi, usiku uleule, na ikitangazwa saa moja na nusu iwe saa moja na nusu. Mtoto anaweza kuvumilia swala na khutba. Hawezi kuvumilia hotuba za wageni rasmi baada yake. Na mtoto akilia, asitokee mzee wa kumgeukia mama kwa ukali. Mtume alipokuwa anaswalisha, akisikia kilio cha mtoto alifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Watoto wetu tumewatolea zaka ya fitri sawa na wakubwa, pishi yao imepimwa na kupelekwa kwa maskini kabla ya swala, hata yule aliyezaliwa juzi. Tumewahesabu kwenye zaka, wahesabiwe na kwenye uwanja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ndani ya nyumba na imamu hayamhusu. Kila Ijumaa imamu anaingia ndani ya nyumba zetu: anatuambia tuvae nini, tulee vipi, tuwatii waume zetu kwa kiasi gani. Mlango huo ameshaufungua mwenyewe. Tunachoomba ni kwamba akiwa humo ndani afike mpaka jikoni, atazame nani yuko huko saa moja asubuhi ya Idd, na atoke akawaambie wenye nyumba alichokiona.

Khutba ya Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani iwe juu ya jambo hili. Isisomwe kwenye darsa la akina mama, wala isiwe tangazo la mwisho watu wakiwa wanavaa viatu. Iwe khutba yenyewe, ikiwa na Ummu Atiyya ndani yake, na Bibi Aisha, na aya ya 233. Waambieni wanaume waliokaa mbele yenu waje Idd na wake zao, dada zao, mabinti wao wa kazi na watoto wao wachanga, na wakirudi nyumbani wavue kanzu, wakunje mikono na kuwasha moto.

Wabillahi tawfiq.

Mama anayenyonyesha,
Temeke, Dar es Salaam